Vigae vya raku vyenye picha za ziwa: kwa nini vinapasuka, na vichomwe vipi

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Ninaishi Mwanga, mjini Kigoma. Mama yangu ni mfinyanzi wa vyungu, nami kazi nimejifunza kwake. Mwenye hoteli mmoja ameniomba nimtengenezee vigae vya ukuta vyenye picha za samaki wa ziwani na michikichi. Nimeona kwenye simu namna ya uchomaji inayoitwa raku, nikajaribu kwa udongo wa mama na glezi, ile dawa inayoyeyuka motoni na kuwa utando wa kioo, niliyoletewa kutoka Dar es Salaam. Vigae vyangu vya sentimita 20 vilipasuka karibu vyote, vingine katikati kabisa, na vilivyosalimika vilitoka kijani ilhali nilitaka rangi ya shaba. Nifanye nini? Je, naweza kutia chumvi ya Uvinza kama wengine wanavyofanya? Na vigae hivi vinafaa bafuni?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Kazi unayoitaka inawezekana kabisa kufanyika Kigoma, na sehemu kubwa ya mahitaji yake unayo tayari nyumbani kwenu. Kilichokuangusha ni kwamba kigae bapa ndicho umbo gumu kuliko yote katika raku, nawe umeanza na kigae kikubwa, kwa udongo uliozoea moto wa namna nyingine. Nitakaa sana kwenye suala la kupasuka, kwa sababu hilo lisipotatuliwa mengine yote hayana maana, kisha nitaeleza habari ya rangi na ya picha yenyewe. Chumvi na bafu nitavijibu kwa ufupi.

Raku ilianzia Kyoto, Japani, katika karne ya 16. Chojiro, ambaye husimuliwa kuwa alikuwa mtengenezaji wa vigae vya paa, alifinyanga bakuli za chai kwa ajili ya Sen no Rikyu, bingwa wa chai aliyefariki mwaka 1591. Bakuli hizo zilitolewa tanurini zingali zinawaka kwa moto, zikaachwa zipoe hewani bila kufukizwa. Hatua ya kukifunika chombo cha moto ndani ya pipa lenye maranda, ambayo ndiyo uliyoiona kwenye simu, ilienea kutoka Marekani kuanzia mwaka 1960 hivi kutokana na majaribio ya Paul Soldner. Nakutajia historia hii kwa sababu bakuli la chai ni dogo, linaenea viganjani, na ukuta wake wa mviringo huugawa mvutano wa joto pande zote, ilhali kigae bapa hakina pa kuupeleka mvutano huo isipokuwa kwenye pembe zake na katikati yake. Yale uliyoona yakifanyika kwa wepesi kwenye bakuli usiyatazamie yafanyike kwa wepesi uleule kwenye kigae.

Kabla ya kubadili lolote, chukua vipande vilivyopasuka uvitazame juani, kimoja kimoja, kwa sababu ufa wenyewe hueleza ulizaliwa lini. Ikiwa kingo za ufa zimeviringika, na glezi imeteremkia ndani yake au imejikunja pembeni mwake, basi ufa ulikuwapo kabla glezi haijamaliza kuyeyuka, yaani ulitokea moto ulipokuwa ukipanda, au ulikuja nao tangu kwenye uchomaji wa kwanza. Ikiwa kingo ni kali kiasi cha kukata kidole, na glezi imekatika pamoja na udongo kwa mstari mmoja, basi ufa ulitokea wakati wa kupoa. Aina ya tatu ni ufa unaoanzia ukingoni ukiwa mpana na kufifia kuelekea katikati: huo ni wa kukauka, na tanuri halihusiki nao ingawa moto ndio huufungua ukaonekana. Nadhani ule wa katikati kabisa utaukuta na kingo kali, lakini usinisadiki mimi, sadiki vipande vyako.

Sababu ya msingi ni kwamba udongo hupitisha joto polepole. Pembe za kigae hupata moto mapema na hupoa mapema, huku katikati kukichelewa, na kwa kuwa kitu cha moto hutanuka na cha baridi husinyaa, sehemu mbili za kigae kimoja huvutana. Kuna pia jambo linalotokea kwenye nyuzi 573 za Selsiasi: chembe za kwatzi, ambazo zimo katika mchanga na katika udongo karibu wote, hubadili mpangilio wao wa ndani, zikavimba ghafla joto linapopanda na kusinyaa ghafla linaposhuka. Kigae ambacho pembe zake zimeshapita nyuzi 573 ilhali kitovu chake hakijafika kinajipasua chenyewe. Kwa kigae cha sentimita 20 tofauti kati ya pembe na kitovu ni kubwa mno, na ndiyo maana nakuomba ushuke hadi sentimita 10 kwa 10, au 12 kwa 12 ukiwa umeshazoea. Unene uwe milimita 10 hadi 12 na ulingane kila mahali, pembe uziviringe kidogo kwa sponji, na nakshi zisiinuke zaidi ya milimita 3 kutoka usoni, kwa kuwa kila penye mabadiliko ya ghafla ya unene ufa hupata pa kuanzia. Picha kubwa itapatikana kwa kuunganisha vigae vingi.

Udongo wa mama usiutupe. Udongo wa vyungu vya kupikia umeshachaguliwa kwa kustahimili mafiga, nayo ni sifa ambayo viwanda vya vigae havina haja nayo lakini raku inaihitaji kuliko kitu kingine. Tatizo ni kwamba vyungu vinavyochomwa kwa kuni na nyasi uwanjani kwa kawaida hufika kati ya nyuzi 600 na 800 hivi, nawe unataka kuufikisha karibu nyuzi 1,000. Finyanga vipande vichache vya majaribio, uvichome hadi hapo, uone kama vinavimba, vinapinda au vinabaki wima. Kwenye kila kipande kibichi chora kwa sindano mstari wa sentimita 10 kamili. Kikitoka tanurini ukakuta mstari umebaki sentimita 9.2, udongo wako umesinyaa kwa asilimia 8, na kwa hiyo kigae utakachotaka kiishie sentimita 10 utakikata kikiwa kibichi kwa takribani sentimita 10.9.

Udongo huo uongezee magae. Chukua vyungu vilivyovunjika, ambavyo bila shaka nyumbani kwenu havikosekani, uvitwange, uvipitishe kwenye chekeche ili zibaki chembe zisizozidi milimita 2, kisha upepete ule unga mwembamba kabisa utoke. Kopo moja la chembe hizo kwa makopo matatu ya udongo mkavu uliosagwa ni kipimo kizuri cha kuanzia. Chembe za gae zimeshachomwa, hivyo hazisinyai tena, na kazi yake ni kuzuia nyufa ndogo zisisafiri: ufa ukikutana na chembe hukwama. Ukiona uso umekuwa mkwaruzo mno kwa kupokea picha, paka juu yake, kigae kingali kibichi, uji wa udongo mweupe. Kaolini ya Pugu, karibu na Dar es Salaam, inafaa, ukiichanganya na kiasi cha udongo wako mwenyewe ili ishike bila kubanduka. Uji huo mweupe una faida ya pili, kwa kuwa udongo wenye chuma nyingi huifanya glezi nyeupe ionekane ya kahawia.

Kuna jambo la Kigoma hasa ambalo vitabu vya nje havitakuonya. Ukihitaji mchanga wa kuchanganya, usiuchote ufukweni mwa ziwa. Mchanga wa pale umejaa vipande vya makombe ya konokono, na makombe ni kaboneti ya kalisi. Yakichomwa kuelekea nyuzi 900 huwa chokaa hai, na chokaa hai iliyofungwa ndani ya kigae hunyonya unyevu wa hewa polepole, huvimba, kisha hurusha kibanzi cha uso na kuacha shimo dogo lenye nukta nyeupe katikati. Kigae kinaweza kutoka tanurini kizima, ukakisifu, ukakiuza, kisha kikaanza kubanduka kikiwa ukutani kwa mteja. Tumia mchanga wa mtoni, mbali na ziwa, na hata huo ujaribu kwa siki: ukichemka na kutoa mapovu, uache.

Katika kukausha, adui ni haraka. Sukuma udongo kati ya fito mbili za unene mmoja, upande huu na upande ule, na usiuinue kwa mikono ukajikunja, kwa sababu udongo uliokunjwa hata ukinyooshwa utarudia mkunjo wake motoni. Uhamishe ukiwa juu ya ubao. Vigae viwe kati ya mbao mbili au juu ya vipande vya jasi, uvigeuze kila siku, na kingo zake zifunikwe kwa nailoni ili zisitangulie katikati. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, upepo wa Kigoma hukausha kingo kabla hujamaliza kunawa mikono, hivyo fanyia kazi hii ndani. Uchomaji wa kwanza, usio na glezi, uende polepole hadi nyuzi 950 hivi. Ukipandisha zaidi kigae kitakuwa kigumu zaidi, lakini kitakuwa kimefunga vinyweleo na kitavumilia mshtuko kwa shida.

Sasa tanuri. Ninalokupendekezea ni pipa la chuma la lita 200 lililokatwa na kutandikwa ndani blanketi la nyuzi za seramiki, lisilo na kitako, likae kama kofia juu ya sakafu ya matofali. Vigae vikiiva, watu wawili huliinua pipa lote na kuliweka pembeni, na vigae vyote huwa mbele yako wazi. Kwenye tanuri linalofunguliwa juu utakuwa unavua kigae bapa kwa koleo kutoka kwenye shimo la moto, na hapo ndipo pembe hukatika. Gesi ya mtungi wa kilo 15 na bana (kichomeo cha gesi) moja yenye nguvu zinatosha kwa tanuri la ukubwa huo. Unapokata blanketi vaa barakoa nzuri, kwa kuwa nyuzi zake huingia mapafuni na hazitoki.

Kama gesi ni ghali kwako, makaa pia yanaweza kazi hii: raku nyeusi ya Kijapani huchomwa kwa makaa na mivukuto, na wahunzi wa Uha walijua kuupandisha moto wa makaa kwa mivukuto tangu zamani. Ila majivu yatarukia glezi, hivyo vigae lazima vikae ndani ya sanduku la udongo lenye mfuniko, na makaa yalizunguke.

Vigae visilazwe sakafuni mwa tanuri, kwa kuwa upande wa chini utabaki baridi. Visimamishe, vikiegemea kidogo kwenye viegemeo vya udongo uliokwisha kuchomwa, mgongo usio na glezi ndio uguse kiegemeo, na ukingo wa chini uachwe bila glezi kwa milimita 5 ili usigande. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya kigae na kigae, na mwali wa bana usielekezwe kwenye kigae chochote. Saa ya kwanza iwe ya moto mdogo, mpaka ndani ya tanuri kuwe na wekundu hafifu, maana hapo umeshazipita zile nyuzi 573. Baada ya hapo unaweza kuongeza kasi. Mchomo wa pili wa siku hiyohiyo una hatari yake: sakafu ingali ya moto, na kigae baridi kikiwekwa juu yake hupasuka hapo hapo. Vigae vinavyosubiri vipashwe kwanza karibu na tundu la moshi hadi visishikike kwa mkono mtupu.

Glezi ikikaribia kuiva huchemka na kutoa vipovu kama uji, kisha vipovu hutulia na uso ukawa laini wenye kung'aa. Pairomita, yaani kipimajoto cha tanuri, itakusomea kati ya nyuzi 900 na 1,000 kulingana na glezi, lakini jicho lililozoea, likichungulia kupitia kioo cha mchomeleaji, ndilo huamua. Usiwe na haraka wakati wa vipovu, kwa sababu glezi iliyotolewa inachemka huganda na vitundu vyake.

Tukija kwenye rangi, kijani chako kina maelezo mafupi: hewa iliingia. Shaba iliyomo ndani ya glezi, ikiwa na oksijeni ya kutosha, hubaki kuwa oksidi, nayo hutoa kijani au samawati. Ikinyimwa oksijeni wakati glezi ingali laini, moshi huinyang'anya ile oksijeni iliyonayo na shaba hurudi kuwa metali halisi, nyekundu yenye kumeta. Kinachotakiwa kwa hiyo ni wepesi na ufunikaji thabiti. Kigae kitoke tanurini na kufunikwa ndani ya sekunde kumi au pungufu. Pipa kubwa halikufai, kwa kuwa lina hewa nyingi. Kwa vigae vya sentimita 10 tumia debe moja kwa kigae kimoja au viwili. Tandaza mchanga mkavu chini, juu yake maranda ya mbao unene wa vidole vitatu, laza kigae uso juu, tupia konzi ya majani makavu, subiri moto uwake kwa pumzi moja, kisha geuza debe juu yake na kuudidimiza mdomo wake mchangani ili pasivuje. Usitumie ndoo ya bati iliyopakwa zinki, maana zinki ikipata moto hutoa moshi wenye sumu.

Kwa kufukizia, Kigoma ina kitu ambacho wengine wangekitamani, nacho ni machicha ya chikichi yaliyobaki baada ya kukamua mawese. Yana mafuta, yanashika moto upesi na hutoa moshi mzito sana. Yachanganye na maranda, konzi moja kwa konzi nne, kwa kuwa yakiwa peke yake huwaka kwa miali mirefu ambayo itakula kope zako kabla hujafunika debe.

Kisha, na hapa ndipo wengi huharibu, usilifunue debe. Shaba iliyokwisha kuwa metali, ikikutana na hewa ingali ya moto, hurudi kuwa oksidi mbele ya macho yako. Tena ndani ya debe, katikati ya maranda, ndipo kigae kinapozipita nyuzi 573 kikiwa kinashuka, na maranda hayo hukifaa kama blanketi linalofanya kishuke taratibu na kwa usawa. Acha mpaka debe lenyewe lishikike kwa mkono usio na glavu. Ile desturi ya kukitumbukiza chombo cha moto majini ili rangi igande waachie wenye bakuli. Kwa kigae bapa ni kukiua.

Kwa glezi nyeupe yenye mipasuko midogo utaratibu ni kinyume kidogo. Kitoe kigae, kiache hewani sekunde kumi na tano au ishirini mpaka usikie glezi ikilia tik, tik, tik, ndipo ukifunike. Mlio huo ni wa glezi inayosinyaa kuliko udongo ulio chini yake na kuchanika kama utando, na moshi utaingia kwenye kila mchaniko na kuuchora kwa kaboni nyeusi. Vigae vya shaba na vigae vyeupe basi visichomwe pamoja, isipokuwa kama mna mikono ya kutosha.

Glezi yenyewe unaweza kuichanganya badala ya kununua iliyotayarishwa. Friti (kioo kilichokwisha kuyeyushwa na kusagwa) yenye boroni na sodiamu sehemu 85 kwa uzito na kaolini sehemu 15 ni msingi mzuri, kwa kuwa boroni huiyeyusha mapema na sodiamu huifanya isinyae sana, ndiyo maana huchanika. Kwa rangi ya shaba ongeza oksidi ya shaba sehemu 3 hadi 5. Ukikosa friti, chupa nyeupe zilizosagwa hadi kuwa unga, zikichanganywa na boraksi ile wanayoitumia masonara, hutoa glezi ya kujaribia, ila boraksi huyeyuka majini, hivyo changanya kiasi cha siku hiyo tu. Mrututu una shaba, lakini nao huyeyuka na hupenya ngozi na udongo. Sikushauri uanze nao. Risasi ya betri kuukuu, ambayo mtu anaweza kukushauri kwa sababu huyeyuka upesi, usiiguse kabisa, kwa glezi yoyote na kwa bei yoyote.

Picha sasa. Wengi hukosea kwa kuchora kwanza, kwa penseli na kwa upendo, halafu kutafuta jinsi raku itakavyoitii michoro yao. Raku ina nyuso tatu za kutegemewa: weusi wa udongo usio na glezi, weupe wenye nyavu za nyufa, na mmeto wa shaba. Tafuta ndani ya ziwa vitu ambavyo vimeshagawanyika hivyo. Yupo samaki wa miambani ambaye wataalamu humwita Cyphotilapia frontosa, mwenye nundu kichwani na milia mipana myeusi juu ya mwili mweupe wenye usamawati. Huyo ni kama ameumbwa kwa ajili ya kazi hii: milia iache bila glezi, mwili uupake glezi nyeupe, na moshi utamaliza uchoraji. Mgebuka, kwa kuwa ni mwembamba na mrefu, mtandaze juu ya vigae vitatu kwa glezi ya shaba, maji yote yanayomzunguka yakiwa udongo mweusi mtupu wenye mikwaruzo ya kuchana inayofuata mwendo wake. Wala usichore kila gamba, kwa kuwa nyufa za glezi zitaleta magamba yake zenyewe, na magamba ya aina mbili kwenye samaki mmoja yatagombana.

Sehemu isiyotakiwa kushika glezi ipakwe nta. Nta ya nyuki ni bora kuliko mshumaa, na mkoani kwenu na Tabora kwenye miombo haikosekani. Iyeyushe ndani ya kopo lililowekwa kwenye maji ya moto, ipake kwa brashi usiyoithamini sana, kisha mwagia glezi juu ya kigae chote: glezi itakimbia penye nta. Matone machache yatabaki juu ya nta. Yafute kwa sponji yenye unyevu, moja moja, la sivyo yatakuwa madoa yanayong'aa katikati ya weusi wako.

Kwa mchikichi usichore chochote. Chukua kipande kimoja cha jani, kile chembamba chenye uti mgumu katikati, kilaze upande wake wa chini ukiutazama udongo, kwa maana ndipo mishipa imeinuka, kisha kisukume kwa mti wa chapati mara moja tu. Kubanduliwa kwake ni kuanzia ncha. Jani la mwembe hutoa mishipa iliyo wazi zaidi kuliko la mchikichi, na sioni kosa kulitumia, kwa kuwa atokaye Ujiji hatashangaa kuona mwembe. Alama hiyo uijaze glezi ya shaba iliyo nyepesi kama maziwa, ufute ya juu, ibaki ile ya mashimoni tu. Wapo wanaokandamiza samaki halisi kwenye udongo, na alama ya ubavu wa kuhe, samaki wa ziwa lenu, hakika hupendeza, ila chagua siku ambayo paka wa jirani hayupo.

Kuhusu chumvi, sikushauri. Chumvi ikipata moto mkali pamoja na mvuke hutoa gesi yenye asidi inayochoma macho na mapafu, hula chuma cha debe na cha tanuri, na rangi za waridi unazoziona kwenye kazi za wengine huwa ni za vyungu visivyo na glezi vilivyochomwa shimoni. Kwa mpango wako haitakuongezea kitu.

Bafuni pia hapana, na wala si sakafuni, nje, au penye chakula. Kigae cha raku kina vinyweleo na nyufa zilizo wazi, maji huingia na kutoka, na ule mmeto wa shaba hufifia taratibu kuelekea kijani na kahawia kadiri hewa na unyevu vinavyoufikia. Ukutani kwenye mapokezi, mbali na jua la moja kwa moja, ndipo mahali pake. Varnishi isiyo na rangi au nta iliyosuguliwa itachelewesha mabadiliko hayo bila kuyazuia. Vigae vigandishwe kwanza juu ya ubao imara unaoweza kutundikwa, ili hoteli ikipakwa rangi upya vitolewe salama. Achia milimita 3 kati yake, na kama lazima uzibe nafasi hizo kwa saruji ya vigae, iwe nyeusi, na nyuso zifunikwe kwanza kwa utepe wa karatasi wenye gundi, kwa sababu saruji nyeupe ikiingia kwenye nyufa za glezi haitoki.

Siku ya kuchoma iwe asubuhi mapema kabla upepo wa ziwani haujaamka, uwanjani, mbali na paa la nyasi. Vaa pamba na viatu vya kufunika, si nailoni wala khanga yenye ncha zinazopepea, na glavu ndefu za ngozi za mchomeleaji. Ndoo ya maji na lundo la mchanga viwe karibu. Moshi wa debe una kaboni monoksaidi, kwa hiyo usiuinamie unapofunua, na watoto wasiwepo.

Kwa mwenye hoteli, kabla hujapokea fedha ya awali, mpelekee vigae vinne: kimoja cheupe, kimoja cheusi, viwili vya shaba kutoka michomo tofauti, ili aone kuwa haviwezi kufanana na akubali hilo. Mweleze pia kwamba mmeto utabadilika, na uyaandike hayo kwenye makubaliano. Bei iwe ya picha nzima, na utengeneze vigae vya ziada vya kila sehemu ya picha, angalau kimoja kwa kila vitatu, kwa kuwa hata udongo ukiwa mzuri na moto ukiwa mtulivu kuna vitakavyopasuka, na kukitengeneza upya kigae kimoja ili kilingane na wenzake waliokwisha kufukizwa ni kazi ngumu kuliko kuchoma vyote kwa pamoja.